Unataka kununua raita ya DVD? Anza na deki ya mteja wako



Leo naongea na wewe unayepokea oda WhatsApp na Instagram: video za harusi, send-off, kipaimara, kwaya, mahubiri. Unachoma diski, unafunga mzigo, unampa kondakta wa basi. Naongea pia na wewe unayeuza vifaa vya kompyuta mtandaoni, ambaye kila ukiposti raita ya DVD unaulizwa, "Boss, hii inachoma zote?"

Msimamo wangu nausema mapema. Swali la kwanza la kununua raita siyo bei, siyo spidi, wala siyo jina la kampuni. Swali la kwanza ni hili: diski itakayotoka humo itachezwa kwenye deki gani? Ukiliruka, utalipa mara mbili kama nilivyolipa mimi.

KILICHONIPATA

Kwaya moja ya upande wa Mpwapwa iliniagiza DVD 60 za video yao. Tukakubaliana sh. 3,000 kila moja, jumla sh. 180,000. Nilikuwa na raita mpya ya nje, ile nyembamba ya kuchomeka USB. Nilikuwa pia na pakiti ya DVD 50 niliyoipata kwa bei nzuri, nikaongezea kumi nilizokuwa nazo nyumbani. Nikachoma usiku kucha. Nikajaribu tatu kwenye laptopu, zikacheza safi. Asubuhi nikawahi stendi Nanenane, mzigo ukaondoka.

Jumapili jioni nikapigiwa simu na mama mweka hazina wa kwaya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hizi sidii zako zimegoma. Kwa mchungaji inacheza, kwangu inaandika NO DISC. Kwa jirani inaanza halafu inaganda. Watu walishatoa hela, na wananidai mimi, hawakudai wewe."

Wadau, hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyoniuma. Ukituma bidhaa mbovu mbali, anayeaibika siye wewe. Ni yule aliyekuamini akakusanyia hela za wenzake.

Zilirudi diski 27. Nikazipeleka kwa fundi wa TV mtaani, akazijaribu kwenye deki kuukuu aliyonayo pale mezani. Zote zikagoma. Akaweka moja kati ya zile kumi zangu za nyumbani, ikacheza. Tukazigeuza tukasoma maandishi. Zile za pakiti ziliandikwa DVD+R. Zile kumi, DVD-R.

Raita haikuwa na kosa. Aliyeniuzia diski hakuwa na kosa pia, alama ilikuwepo kwenye pakiti, kubwa tu. Mimi ndo sikuisoma. Nikachoma upya 27 kwa hela yangu, nikalipia mzigo kwenda na kurudi, faida yote ya ile oda ikaisha. Alama ya kujumlisha ikanitoa hela mfukoni!

KWA NINI KUNA "+" NA "-"

Hadithi yenyewe ni fupi. Mwaka 1997 Pioneer walileta DVD-R, iliyokuwa chini ya umoja wa kampuni uitwao DVD Forum. Kundi jingine, wakiwemo Sony, Philips na Hewlett-Packard, likaamua kwenda njia yake, na mwaka 2002 DVD+R ikaingia sokoni. Kwa macho zinafanana kabisa na ujazo ni ule ule, GB 4.7. Tofauti iko kwenye alama zilizochongwa ndani ya diski, zile zinazoiongoza raita kujua imefika wapi wakati inaandika.

Miaka ile ukinunua raita ya upande mmoja, diski ya upande wa pili haiandiki. Mwaka huo huo wa 2002 Sony wakatoa DRU-500A, mojawapo ya raita za mwanzo kuandika pande zote mbili. Kampuni nyingine zikafuata. Ndiyo maana raita za leo zina ile alama ya ±, kujumlisha na kutoa pamoja.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Raita mpya karibu zote zinaandika zote mbili. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii inachoma zote", hajakudanganya. Ugomvi uliisha kwenye raita, lakini kwenye deki haukuisha. Kuna deki zilitengenezwa DVD+R haijazaliwa, nazo bado ziko sebuleni kwa watu zinafanya kazi. Deki hizo za zamani kwa kawaida huielewa DVD-R vizuri kuliko DVD+R.

Na nani ananunua diski leo? Mwenye TV ya kisasa pale Area D au Kisasa atakwambia umtumie kwenye simu au umwekee kwenye flashi. Anayeagiza diski ni bibi wa Bahi, kwaya ya Kongwa, familia ya Manyoni yenye TV ya chogo na deki iliyonunuliwa zamani. Yaani mteja wa diski ndiye huyo huyo mwenye deki ya zamani. Ukinunua raita na diski kwa kuangalia kompyuta yako, umenunua kwa ajili ya mtu ambaye hatakuagiza kitu.

AINA ZA DISKI KWA LUGHA YETU

CD-R: Inachukua MB 700, au dakika 80 za muziki ukiichoma kama CD ya muziki ya kawaida. Inafaa kwa nyimbo na mahubiri ya sauti. Tofautisha CD ya muziki na CD ya MP3. MP3 zinaingia nyimbo nyingi zaidi, lakini redio ya zamani ya gari inaweza isizisome.

DVD-R: Hii ndiyo diski yako ya kila siku. Saa mbili hivi za video kwa ubora mzuri. Kama hujui deki ya mteja, tumia hii.

DVD+R: Siyo mbovu. Kwenye kompyuta na deki za miaka ya karibuni inafanya kazi vizuri. Kuna raita zinazoweza kuiandika ijitambulishe kama DVD ya kiwandani ili deki ya zamani iikubali, lakini siyo kila raita ina uwezo huo. Usiuweke kwenye hesabu zako mpaka uwe umejaribu mwenyewe.

CD-RW, DVD-RW, DVD+RW: Hizi zinafutika na kuandikwa upya. Nunua moja ya kufanyia majaribio, basi. Usimpe mteja. Zinarudisha mwanga kidogo kuliko za kuandika mara moja, kwa hiyo deki iliyochoka inahangaika kuzisoma.

DVD-R DL na DVD+R DL: Zina tabaka mbili, GB 8.5. Zinavutia kwa harusi ya saa nne, lakini bei yake iko juu na deki za zamani zinaweza kukwama pale zinapohama tabaka. Mimi naweka diski mbili za kawaida, naandika Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Blu-ray: Diski moja inabeba GB 25 au 50, lakini inachezwa kwenye deki ya Blu-ray tu. Kwa soko letu la kanda ya kati, raita ya Blu-ray ni kuzika mtaji. Hata Sony wenyewe walisimamisha kutengeneza diski za kurekodia za Blu-ray Februari 2025.

Halafu usishtuke kuona kompyuta inakwambia diski ya GB 4.7 ina GB 4.37 tu. Hujapigwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024. Ila panga video zako kwa hiyo 4.37.

UKIENDA KUNUNUA, ANGALIA HAYA

1. Je, inaandika DVD au inasoma tu? Huu ndo mtego mkubwa kwenye vifaa vya mtumba. Kuna vifaa vinaitwa "combo". Vinasoma DVD, lakini vinaandika CD tu. Mlangoni utaona neno DVD, utaona na RW, utajua umepata. Kumbe ile RW ni ya CD. Soma mlango wote na kibandiko cha chini. Unatafuta maandishi DVD±RW, au DVD Multi Recorder ambayo inakuhakikishia upande wa DVD-R. Ukiona DVD-ROM peke yake, hiyo ni ya kusoma tu.

2. Beba DVD-R tupu mfukoni. Mwambie muuzaji aichome mbele yako mpaka mwisho, halafu iondolewe na kurudishwa ndani isomwe. Taa ya kuandikia inafanya kazi kubwa kuliko ya kusomea, kwa hiyo raita iliyochoka inaweza kusoma vizuri kabisa na ikashindwa kuandika. Muuzaji akikataa jaribio la dakika kumi, kwaheri. Ukiagiza Kariakoo na mzigo unakuja kwa basi, omba video ya jaribio kabla hujatuma hela.

3. Umeme wa USB. Tundu la USB 2.0 linatoa milliampea 500. Raita nyingi za nje zikianza kuandika zinataka zaidi ya hapo, ndiyo maana zingine zina waya wa vichwa viwili. Ukichomeka kimoja tu, inawaka, inasoma, halafu inakata katikati ya kuchoma. Wengi wanairudisha dukani wakidhani ni mbovu. Chomeka vyote viwili, au tumia tundu la USB 3.0 lenye milliampea 900.

4. Raita ya ndani. Kama ni ya kompyuta ya mezani, angalia waya kwanza. Kompyuta za zamani zinatumia IDE, ule waya mpana kama mkanda. Za baadaye zinatumia SATA, mwembamba. Haziingiliani.

5. Usidanganywe na namba ya spidi. Mtu anaona "52x" anaruka, akiona "8x" anadharau. Hizo ni kipimo tofauti! 1x ya CD ni kilobaiti 150 kwa sekunde. 1x ya DVD ni kama mara tisa ya hiyo. Kwa hiyo DVD ya 8x inapitisha data nyingi kwa sekunde kuliko CD ya 52x. Raita ya nje ya 8x inakutosha kabisa. Na hata ikiwa na uwezo wa juu, mimi nachoma za wateja kwa 4x au 8x. Haraka haraka haina baraka, na kwenye diski utaliona hilo kwa macho.

RAITA NZURI, MCHOMAJI MZEMBE

Nusu ya lawama zinazopewa raita ni zetu sisi wachomaji.

Kwanza, kukopi faili la MP4 kwenye DVD siyo kutengeneza DVD ya video. Laptopu italicheza, deki ya zamani haitalijua. Tumia programu ya kutengeneza DVD, inayokuwekea folda ya VIDEO_TS, na uchague PAL, ndiyo mfumo wa TV zetu.

Pili, Windows ikikuuliza unataka kutumia diski kama flashi, kataa. Chagua ile ya kucheza kwenye deki. Na ukimaliza hakikisha diski imefungwa, yaani programu imekamilisha kuandika na kuizuia isiongezewe kitu. Isipofungwa, kwako itasoma, kwa mteja haitasoma.

Tatu, choma ukiwa na betri yenye chaji. Umeme ukikatika katikati, DVD-R hiyo haina msamaha, inakuwa pambo la ukutani.

Nne, jua na vumbi la Dodoma. Upande wa kuandikia una rangi inayoharibika kwa mwanga na joto. Diski ukiziacha kwenye dashibodi ya gari mchana wa Oktoba, usije ukaisingizia raita. Fungasha kwenye kava, siyo mfuko wa nailoni mtupu. Na usibandike karatasi juu ya DVD. Ikikaa upande, diski inayumba inapozunguka. Andika kwa kalamu maalumu ya diski.

NUNUA NA DEKI KUUKUU

Huu ndio ushauri wangu ambao watu wanaucheka. Hela unayotaka kuongeza upate raita ya Blu-ray, iache. Nunua raita ya kawaida, halafu tafuta deki ya zamani kwa fundi, iliyochoka lakini inacheza. Iweke mezani pako. Kila oda, kabla haijaondoka, chukua diski moja katika kila kumi uijaribu humo, mwanzo, katikati na mwisho. Ikipita hapo, nafasi ya kugoma kwa mteja ni ndogo sana. Deki hiyo ndiyo imeniokolea wateja kuliko kifaa kingine chochote ninachomiliki.

"DISKI ZIMEKUFA, UZA FLASHI"

Najua kuna mdau anataka kuandika hivyo. Nusu nakubaliana naye. Kama mteja ana TV yenye USB, mpe flashi, usimlazimishe diski. Laptopu nyingi mpya hazina hata mlango wa diski.

Lakini kwaya ikitaka nakala 60 za kuuzia waumini, flashi 60 ni hesabu nyingine kabisa. Flashi nayo hufutwa. Kijana wa nyumbani akitaka kuweka singeli, harusi ya mama yake inaondoka. Tena deki nyingi zenye tundu la USB hazisomi MP4 za simu. Zinataka aina za zamani kama AVI. Kwa hiyo hata ukiuza flashi, swali linarudi pale pale: mteja ana nini nyumbani?

Soko la diski linapungua, sibishi. Ndiyo maana nasema usizike mtaji mkubwa humo. Lakini soko likipungua, wachomaji nao wanapungua, na anayebaki akifanya vizuri ndiye anayepigiwa simu. Kuna hata watu wanakuja na CD ya picha za hospitali au ya harusi ya zamani, hawana pa kuifungulia. Raita yako inawasomea pia, na hiyo ni huduma ya kulipwa.

Angalizo moja tu: choma kazi ya mtu aliyekupa ruhusa. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Kama kazi itauzwa kwa umma, mwenye kazi aulize COSOTA na TRA mapema kuhusu utaratibu wake. Usiwe wewe wa kukamatwa na mzigo wa mtu.

KWA WEWE UNAYEUZA RAITA MTANDAONI

Acha kuandika "inachoma zote, bei poa, njoo inbox". Hiyo inakuletea maswali hamsini na marejesho matano. Andika hivi:

"Raita ya DVD ya nje, USB, waya wa vichwa viwili. Inaandika CD-R, CD-RW, DVD-R, DVD+R na za kufutika. HAIANDIKI Blu-ray. Spidi DVD 8x, CD 24x. Imejaribiwa kuchoma DVD-R, video nakutumia. Unachomea watu wenye deki za zamani? Chukua na pakiti ya DVD-R, siyo DVD+R."

Badilisha kulingana na kifaa ulichonacho, na usiandike usichokijaribu. Lile neno HAIANDIKI usiliogope. Mteja akiona umemwambia kisichowezekana, atakuamini kwenye kinachowezekana. Na ule mstari wa mwisho umekuuzia bidhaa ya pili bila kupiga debe.

Na wewe unayechoma, kabla hujapokea malipo ya awali, tuma maswali matatu: Utachezea kwenye deki, kompyuta au gari? Deki ni ya muda mrefu au mpya? Ina tundu la USB? Hayo maswali ni ya dakika moja. Mimi kutoyauliza kulinigharimu oda nzima.

Yule mama mweka hazina bado ni mteja wangu, namshukuru Mungu. Ila sasa kila akiagiza, kabla sijafungua mdomo ananiwahi: "Mwanangu, ni zile za kutoa au za kujumlisha?" Namjibu, "Za kutoa, mama." Anasema, "Haya, choma."

Wewe diski gani iliwahi kukugomea kwa mteja, na ulimalizana naye vipi? Andika hapo chini, kuna mwenzako atapona kupitia wewe.